Hatua za Mheshimiwa Kihwele

Kwanza walimwaga unga wa chaki. Fundi wa sakafu, mwanamke mwembamba aliyevua viatu, alitembea kinyumenyume akitikisa chekeche, mpaka vigae vyote vya ukumbi wa zamani wa Bunge vikawa vyeupe. Akavuka kamba, akafuta nyayo zake mwenyewe kwa brashi ndefu, akaketi kwenye mitambo yake.

Zefania Kihwele alikuwa kwenye benchi la mbele, mguu wa kushoto kaunyoosha kwa sababu nyonga yake haikunjiki vizuri. Alikuwa mtu mnene, mikono mikubwa. Wiki iliyofuata alitakiwa kuapishwa kuwa Mkuu wa Jimbo la Nyanda. Watu walimchagua kwa sababu aliahidi kurudisha mashamba ya miti kwa vijiji, na waliamini atafanya, maana alianza maisha akipasua mbao humo humo, na humo ndimo mti ulimomwangukia akabaki kiwete.

Jaji Sikudhani Mrope wa Mahakama ya Viapo alimtazama fundi. "Washa."

Halafu kule mlangoni, mahali pasipo na mtu, chaki ikaruka.

Unyayo ukatokea. Mbele yake ukatokea mwingine. Mguu wa kulia ulitua kwa nguvu, wa kushoto ukafuata ukiburutwa, na ule mburuto uliacha mkia mdogo kwenye chaki. Tena. Tena. Hatua zilikuja katikati ya ukumbi mtupu kama za mtu anayejua anakokwenda. Zilipita mbele ya Kihwele karibu sana, vumbi likamfikia kwenye kiatu.

Kwenye viti vya juu mama mmoja alijifunika uso kwa kitenge.

Kihwele aliusikia mwendo wake mwenyewe ukimpita. Alikuwa ameusikia miaka mingi, kwenye korido za ofisi na kwenye daraja la mbao la nyumbani kwake, na huu ulikuwa wenyewe. Shida ilikuwa moja tu. Siku sakafu ilipokanyagwa hivyo, siku ya uasi, yeye hakuwa hapa.

Sakafu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya waasi. Iliwekwa kwa ajili ya wabunge, maana wabunge walikuwa wanasainiana mahudhurio na kula posho wakiwa wamelala hotelini, tuseme ukweli. Wakaletwa mafundi, zulia likang'olewa, vikapangwa vigae vya kauri. Kauri hiyo ukiikanyaga hutoa umeme kidogo sana, na mitambo huuandika: uzito wako, urefu wa hatua, jinsi kisigino kinavyotangulia. Mafundi walisema hakuna watu wawili wanaokanyaga sawasawa. Na kauri hiyo hiyo ukiirudishia umeme ule ule, hutikisika kama vile inakanyagwa upya. Hilo hakuna aliyelipanga. Liligunduliwa baada ya uasi, wakati kamera zote zilikuwa zimevunjwa na mashahidi wote, kwa woga, wamesahau walichokiona.

Uasi wenyewe ulidumu siku moja. Wanajeshi na wanasiasa wachache walichukua umati wakavamia Bunge ili matokeo ya uchaguzi yasithibitishwe. Watu wa kawaida waliofuata mkumbo walisamehewa baadaye. Lakini Katiba mpya iliwekewa Ibara isiyo na huruma: yeyote aliyewahi kuapa kuilinda Katiba, kisha akashiriki uasi, hatashika madaraka ya umma maisha yake yote. Aliyewaongoza, Kanali Luvanda, aliondolewa kwa Ibara hiyo pamoja na maofisa wenzake. Ushahidi ulikuwa nyayo zao kwenye vigae, hapakuwa na mwingine.

Sasa Luvanda huyo huyo ndiye aliyeleta pingamizi dhidi ya Kihwele. Watu walishangaa kidogo, mwasi kumshtaki mwenzake kwa uasi, kisha wakasema ni wivu. Amefungiwa, anataka kila mtu afungiwe.

Hatua za kuchechemea zikafika kwenye kiti alichokuwa akikalia Kihwele enzi za ubunge wake. Hapo zikavurugika. Chaki ilirukaruka bila mpango, kama kuku anayepekua. Na wakati huo huo, upande wa pili wa ukumbi, penye mlango wa Spika, vigae vilianza kunguruma.

Kila mtu Nyanda anaujua mngurumo huo. Huchezwa kila mwaka siku ya maombolezo. Buti za Luvanda zinakuja kwa kasi. Nyayo za mlinzi wa mlango, kijana aliyeitwa Ngelime, zinarudi nyuma. Kisha chaki inaruka kwa pamoja sehemu kubwa, urefu wa mtu. Baada ya hapo vigae hivyo havitulii tena, vinanguruma kwa chini, muda mrefu, kwa sababu vimelaliwa.

"Zima," jaji akasema.

Kihwele akaambiwa atembee kwenye kipande cha sakafu cha pembeni. Akatembea. Mitambo ikasema ndiye. Jaji akamtaka alete majibu yake kesho asubuhi, akafunga faili.

*

Osmund Mapunda alifika jioni, jua likiwa bado kwenye ncha za misonobari. Hakubisha hodi. Alimkuta Kihwele amekaa juu ya gogo nyuma ya nyumba, karibu na tanuri kuukuu la kukaushia mbao.

"Nimemkuta mbwa wa jirani yako anatembea barabarani peke yake, hana wasiwasi kabisa," alisema. "Nikajua hapa pana msiba. Mhehe amepoteza hamu ya kula."

"Kaa, Mngoni. Leo sina nguvu ya kukujibu."

Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, na walipochoka wakabaki kutaniana. Ndivyo ilivyo hadi leo. Mtani anakutukana na hukasiriki. Ukifa, yeye ndiye anayevaa koti lako msibani, anajaza tumbo matambara, anatembea kama wewe mbele ya jeneza mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia. Osmund, fundi wa kuezeka mabati, alikuwa bingwa wa kazi hiyo wilaya nzima. Kihwele alikuwa hajafa, lakini Osmund alimwiga hivyo hivyo, kwenye harusi, kwenye pombe ya ulanzi, hata mbele ya mchungaji.

Safari hii Osmund hakutania. Alikaa, akaanza kueleza, na alieleza akiangalia tanuri.

Sehemu ya kwanza Kihwele aliijua. Asubuhi ya uasi wabunge walikuwa wanasakwa, na Osmund ndiye aliyemsukumia ndani ya tanuri hilo na kulifunga kwa nje. Kihwele alishinda humo gizani, peke yake, hakuna mwingine aliyemwona. Asichokijua ni kwamba Osmund alishuka mjini kusikiliza kama jina la Kihwele linatajwa. Umati ukambeba mpaka ndani ya Bunge. Humo mtu mmoja akamtambua, akapaza sauti kwamba huyu si ndiye mtani wa yule mbunge kiwete? Wakamzunguka. Mbunge wako yuko wapi? Walikuwa na mashoka.

"Nikawaambia huyu hapa," Osmund akasema. "Nikachukua koti la mtu kwenye kiti, nikajaza tumbo. Matambara hayakuwepo, nikatia vitabu vya sheria vya mezani, vile vizito. Nikatoka, nikaingia mlangoni upya kama wewe. Nikasema Mheshimiwa naye amekuja kuasi, mpisheni akakae. Walicheka, Zefa. Walicheka mpaka wakasahau kukutafuta."

"Ndiyo maana hata uzito umelingana."

"Katiba ya zamani ilikuwa nene." Osmund alijikuna shingo. "Yule mlinzi sikumwona. Nakuapia. Mimi nacheza huku, kumbe mtu amelala kule."

Kihwele akasema haamini kwamba mwendo wa mtu unaweza kuigwa mpaka kauri idanganyike. Osmund hakubishana. Alienda kwenye lundo la maranda, akajaza gunia dogo, akalifunga tumboni chini ya koti. Akapanda daraja la mbao linalovuka mfereji kwenda mlango wa jikoni.

Kihwele akaona mgongo wake mwenyewe ukiondoka. Mguu wa kulia ukatua, wa kushoto ukaburutwa. Mbao zikalia zile sauti mbili anazozijua.

"Baba Tumaini," mkewe Yuster akaita kutoka ndani. "Ingia basi, ugali unapoa."

Osmund hakuitika. Alifika mwisho wa daraja, na pale akafanya kituko chake cha siku zote: akarudi hatua mbili, akauzungusha mguu mbovu hewani kama anayekoroga sufuria, akatikisa paja, kisha akaketi kwenye kizingiti huku akiguna.

"Mimi sijawahi kufanya hivyo," Kihwele akasema.

"Hujawahi. Hiyo ni chumvi yangu."

Wakakubaliana. Kesho Osmund angetembea mbele ya jaji. Hakuwahi kula kiapo chochote maishani isipokuwa cha ndoa, na msamaha wa watu wa kawaida ulimhusu, kwa hiyo hakuna ambacho kingempata. Kihwele alikula ugali wake wote.

*

Asubuhi Kanali Luvanda alimsubiri kwenye korido. Alikuwa mzee msafi, suti ya kijivu, na miguuni raba laini. Tangu sakafu imtaje hakuvaa kiatu kingine. Ulikuwa humsikii mpaka yuko ubavuni kwako.

"Za asubuhi, Mheshimiwa. Mtani wako hajambo?"

Kihwele alisimama.

"Mcheshi sana yule," Luvanda akaendelea, sauti ya kirafiki. "Siku ile nilikuwa ndiyo naelekea mlango wa Spika, nikamwona anakoroga ule mguu. Nilicheka, na wala sikuwa na hali ya kucheka. Amekuja leo?"

"Unajua siyo mimi."

"Najua sana. Nilimtazama kwa macho yangu." Luvanda alimwondolea unyuzi begani. "Mwache atembee. Akishatembea, ile sakafu inakuwa vigae kama vya chooni. Wiki ijayo wewe unaapishwa, na mimi nachukua fomu ya urais. Wakili wangu atapinga kidogo kwa sauti, usimjali. Hapa hakuna anayepoteza."

Akaondoka. Raba zake hazikutoa sauti.

Osmund alikuwa kwenye ngazi za kwenda viti vya juu, gunia la maranda limeshafungwa chini ya koti, jasho likimtoka. Kihwele alimweleza kwa maneno machache. Kwamba pingamizi halikuletwa limwangushe yeye. Lililetwa liiangushe sakafu. Nyayo zile zimesimama miaka yote kwa sababu mafundi walisema haziigiki. Zikiigika mara moja tu, mbele ya jaji, basi Luvanda atasema na zake ziliigwa, na maofisa wote watasema hivyo, na hakuna shahidi mwingine.

"Hiyo shauri yao mahakama," Osmund akasema. "Mimi nasema kweli. Kweli ikileta balaa, siyo kosa langu."

"Huyo atakuwa Rais, Osmund."

"Na wewe utakuwa mwasi. Mpaka kaburini. Wanao wataitwa watoto wa mwasi. Kwa mzaha wangu."

"Mzaha huo ndio ulionitoa tanurini."

Juu yao, kwenye kiti cha kwanza kando ya ukingo, yule mama wa kitenge alikuwa ameshakaa. Kihwele alimjua, kila mtu alimjua. Mama Ngelime hakukosa kikao hata kimoja. Mwanawe alizikwa na waasi mahali ambapo hapakusemwa kamwe, na kilichobaki chake duniani kilikuwa ule mngurumo mlangoni kwa Spika. Sakafu ikiitwa uongo, na huo utaitwa uongo.

"Wewe kaa juu," Kihwele akasema. "Usiinuke, hata nikifanya nini."

"Mtani haambiwi cha kufanya msibani."

"Leo nakuambia."

*

Kihwele alishika Katiba mkononi, akaapa kusema kweli. Jaji Mrope akamuuliza kama hatua zilizoonyeshwa ni zake.

"Ni zangu," Kihwele akasema.

Ukumbi ukaguna. Wakili wa Luvanda aliinuka haraka mpaka karatasi zikamponyoka. Alimtazama bosi wake, akamtazama jaji, akasema kwamba kwa mujibu wa kanuni ukiri wa mdomo peke yake hautoshi. Mtu anaweza kukiri kwa vitisho. Inabidi azikanyage hatua zenyewe, zote, tangu mlangoni mpaka kitini, sakafu ikiwa imewashwa.

Jaji alishusha miwani. "Wakili, wewe ndiye uliyeleta pingamizi. Amekiri. Sasa unataka nini, ashinde?"

"Tunataka haki tu, Mheshimiwa Jaji."

Baadhi ya watu wakacheka. Jaji hakucheka. Alimtazama Luvanda kwa muda, kisha Kihwele, na pengine alielewa jambo, pengine hapana. Akaamuru chaki imwagwe.

Kihwele alienda mlangoni. Fundi akainua mkono, akawasha.

Kigae kikampiga unyayo kutoka chini.

Hakuna aliyemwambia itakuwa hivyo. Kila alipotua mguu, hatua ya siku ile ilitua nayo, kisigino kwa kisigino, kama vile chini ya sakafu kuna mtu anayetembea kichwa chini miguu juu, wamegusana nyayo. Mwanzoni alitaka kukimbia. Kisha akamtambua. Alikuwa Osmund kijana kidogo kuliko sasa, tumbo la vitabu likimvuta mbele, anatembea katikati ya watu wenye mashoka, na haharakishi. Mguu wa kulia, mburuto. Mguu wa kulia, mburuto. Kihwele akamfuata tu.

Walifika pamoja kwenye kile kiti. Wakili alikuwa ameegemea mbele, macho kwenye miguu yake. Hapa ndipo walipokuwa wanapasubiri. Yeyote angeona kwamba kiwete wa kweli hawezi kukanyaga mvurugo ule.

Kule mlango wa Spika vigae vikaanza kunguruma.

Kihwele akarudi hatua mbili. Akauinua mguu mbovu, akauzungusha hewani. Nyonga ilipiga kelele ndani yake, machozi yakamtoka. Akakoroga mara ya pili. Akatikisa paja. Akaketi kwenye kiti, akaguna, na ule mguno ulitoka kama wa Osmund kabisa, maana alikuwa ameusikia maisha yake yote.

Watu walikuwa wameona mzee mnene, kiongozi waliyemchagua, akicheza ngoma ya kijinga huku mtu anakufa pembeni.

Kisha kwenye viti vya juu mtu mmoja akacheka. Alicheka peke yake, kwa nguvu, kile kicheko cha msibani ambacho ukisikiliza vizuri unakuta ndani kuna kingine. Askari wakamshika mkono kumtoa nje. Maranda yalikuwa yanamwagika chini ya koti lake, ngazi hadi ngazi.

Mitambo ikasema ndiye.

Luvanda hakusogea. Jaji alisoma Ibara neno kwa neno, akagonga meza. Kihwele akapita katikati ya watu kwenda nje, na watu wakampisha kwa upana, kama wanavyompisha mwenye ugonjwa. Mama Ngelime alikuwa ameshuka, akamsubiri chini ya ngazi. Alimtemea mate kwenye viatu. Kihwele alingoja mpaka amalize, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Alishuka kwenye gari mwanzo wa njia ya kwenda kwake, akasema anataka kutembea. Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye misonobari. Alijaribu kutembea kama kawaida, lakini alipojaribu aligundua hajui kawaida ilikuwaje. Kila akitua mguu alikuwa anangoja kitu kimpige kutoka chini. Kiliposhindwa kuja, mguu ulijipangia wenyewe.

Akavuka daraja la mbao. Mwisho wa daraja, bila kukusudia, akarudi hatua mbili, na mguu mbovu ukajizungusha hewani.

Ndani, Yuster alikuwa anaosha vyombo. Alisikia hatua, akaacha kuosha, akasikiliza.

"Karibu, shemeji," akaita. "Pita ukae. Mwenyewe bado hajarudi."